Kutu si pambo

Tunapenda kupiga picha mabati yenye kutu, magari mabovu na kuta zilizobanduka rangi, kisha tunasifu uzuri wa uchakavu. Uzuri huo upo, sikatai. Lakini neno lenyewe linatudai kitu. Kwa Kiswahili tunda huoza. Shati, kiti na mashini huchakaa. Kilichochakaa kimetumika, na kama kimetumika, yupo aliyekitumia. Picha ya kutu isiyomkumbuka mtu huyo ni sentensi isiyo na mtenda.

Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alilionyesha jambo hili. Katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006, alipiga picha magofu ya viwanda vya Gécamines, kisha akapachika ndani yake watu kutoka picha za zamani za ukoloni, wakiwemo wafanyakazi wa migodi. Hapo chuma kilicholika si mandhari tena; ni jasho la watu.

Sisi wa isimu tuna la kuongeza. Wazee waliofanya kazi viwandani walikuwa na majina ya vyombo na ya kazi zao, Kiswahili ambacho ni mara chache kuingia katika tasnifu zetu. Chuma kitasimama miaka mingi bado, wazee hawatangoja. Basi anayekwenda kupiga picha abebe na daftari. Amwulize mzee: hii mliiitaje, baba, na nani aliishika? Jibu aliandike chini ya picha.