SHAMBA LA ZAMANI NI GHALA LA ADUI

Ndugu Wanachama,

Wako wenzetu wanaokuja hapa ofisini na majani ya matikiti mkononi. Huyu anasema mbolea haikutosha. Yule anasema ati mbegu ya mwaka huu mbovu. Wengine wananong'ona habari za jicho la mtu. Kamati ya Bustani inasema wazi, bila kumung'unya maneno: ugonjwa ulioshika matikiti, matango na maboga yetu ni batobato. Batobato ni virusi. Virusi hubebwa na wadudu. Na wadudu wanavichota kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa yakaachwa yasimame. Mashamba hayo yana wenyewe, na wenyewe ni wanachama.

Dalili kila mtu kaziona. Jani linapata mabaka ya kijani na manjano, linajikunja, jingine linakuwa jembamba kama kamba. Tunda linatoka vinundu na kupinda. Kulila halidhuru, lakini nani atalipakia kwenye lori la Kariakoo? Mche ulioshikwa ukiwa mdogo hauzai kitu cha maana. Ulioshikwa matunda yamekaribia kukomaa waweza bado kumlipa mwenyewe. Basi vita yetu ni ya majuma ya mwanzo.

Ugonjwa wa namna hii si mgeni duniani. Batobato ya tango ilielezwa na wataalamu huko Marekani mwaka 1916, na leo inajulikana kwamba virusi vyake hukaa katika aina zaidi ya 1,000 za mimea, magugu yakiwemo. Virusi vingine vilionekana Italia mwaka 1973 kwenye maboga madogo yanayoitwa zukini, vikaelezwa rasmi mwaka 1981, na sasa vimeenea mabara yote yanakolimwa mazao haya. Hata wazee wetu wanaijua batobato ya muhogo, iliyoandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 hapa hapa nchini, zama za Wajerumani. Ile ina virusi vyake na hubebwa na inzi weupe, lakini somo ni moja: mmea mgonjwa ukiachwa, unaambukiza wenzake.

Sasa sikilizeni jinsi mdudu anavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika.

Mbebaji mkubwa ni kidukari, yule tunayemwita mdudu mafuta. Hana meno, ana mrija kama sindano. Akitua juu ya jani huonja kwanza, kujua kama ndicho chakula chake. Kuonja huko ni sekunde chache, hata dakika haitimii. Akionja jani gonjwa, virusi vinanata mrijani. Akiruka na kuonja jani zima, basi, kaishaambukiza. Lakini mzigo huo hadumu nao: baada ya saa chache, au akishaonja mimea kadhaa, mrija umesafika. Maana yake nini? Maana yake mara nyingi virusi vinatoka karibu. Vinatoka ng'ambo ya mfereji, kwenye shamba la ndugu yako aliyevuna akaenda zake.

Hebu tujibu visingizio.

Cha kwanza: "Nitapiga dawa." Piga! Hakuna dawa inayomponya mmea ulioingiwa na virusi. Na kidukari mgeni akitua kwenye jani lenye sumu, anaonja kabla hajafa. Sumu nyingine humtia wazimu, akarukaruka na kuonja miche mingi zaidi. Inzi weupe, wanaobeba virusi vingine vya kugeuza majani manjano, hunyonya kwa muda mrefu zaidi, hao dawa yaweza kuwapunguza. Lakini anayenyunyiza ovyo wakati wa maua anaua nyuki, na pasipo nyuki kuchukua chavua toka ua dume kwenda ua jike, tikiti halishiki. Muuzaji wa dawa hakwambii hayo. Yeye anahesabu chupa.

Cha pili: "Nasubiri matunda mawili matatu ya mwisho." Tunajua njaa ya mwisho wa msimu, wala hatuidharau. Lakini kwa matunda hayo matatu jirani yako anapoteza shamba zima. Tena mbegu na mbolea tulikopa kwa jina la ushirika. Jirani akikosa mavuno, deni lake litalipwa na nani? Litalipwa na sisi sote, na wewe mwenye matunda matatu umo.

Cha tatu, kibaya kuliko vyote: "Shamba langu, halikuhusu." Ndugu, mipaka ya shamba lako kidukari haijui. Mtu akiwasha moto kwake wakati wa upepo, hatumuulizi nyumba ni ya nani. Tunauzima.

Kwa hiyo Kamati inapeleka madai haya mbele ya mkutano mkuu:

1. Aliyemaliza kuvuna ang'oe na kufukia mabaki yote kabla ya juma moja kwisha. Wagonjwa, wazee na wajane wasaidiwe kwa kazi ya pamoja.

2. Upite mwezi mzima bondeni bila tikiti, tango wala boga. Yanayojiotea jalalani na matango mwitu ya mferejini yang'olewe pia.

3. Shamba jipya lisipandwe ubavuni mwa la zamani.

4. Kila shamba lizungushiwe mistari ya mahindi au mtama, ipandwe majuma mawili au matatu mapema. Kidukari atatua huko kwanza na kupangusa mrija wake.

5. Miche itandaziwe nyasi kavu, maana udongo mtupu humsaidia kidukari kuuona mche. Mwenye uwezo aifunike kwa kitambaa chepesi, akiondoe maua yakianza.

6. Mche wa kwanza kuonyesha batobato ung'olewe siku hiyo hiyo. Mikono na visu vioshwe kwa sabuni, maana utomvu nao huambukiza.

Hakuna hapo linalotaka fedha za kigeni. Linalotakiwa ni jembe, mikono na kuacha ubinafsi. Na lisifanywe na nusu ya wanachama, maana shamba moja likibaki limesimama, kazi ya wengine wote imekwenda bure.

Mwenye hoja ya kupinga aje aitoe mkutanoni, tumsikie. Anayenung'unika vichochoroni huku shamba lake linafuga ugonjwa, huyo ana ubia na kidukari.

NG'OA, FUKIA, NDIPO UPANDE!

Kamati ya Bustani