Msiingoje Ilhamu

Iko fikra moja iliyoenea miongoni mwa wapenzi wa vitabu, nami naipinga kwa nguvu zangu zote. Nayo ni kwamba mtunzi wa riwaya ni mtu aliyeteremshiwa kipaji, ambaye huketi akingoja ilhamu imshukie, na ikishamshukia huandika usiku na mchana bila kula wala kulala. Vijana wanaoniletea miswada yao huniuliza swali lile lile: "Mzee, ilhamu unaipata wapi?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naamka saa ngapi.

Basi na nijibu nisichoulizwa. Naamka saa 10 alfajiri. Naandika kwa mkono katika daftari la shule, kurasa 2, kisha najitayarisha kwenda kazini. Kurasa 2 kwa siku, siku 5 kwa juma, ni kurasa 520 kwa mwaka. Nusu yake naitupa. Zinazobaki ni 260, nazo ni riwaya nzima. Hapo hapana muujiza. Pana hesabu ya darasa la tatu.

Atasema mtu kwamba hiyo ni kazi ya karani, si ya msanii. Vema. Shaaban Robert alikuwa nani kama si karani? Aliingia utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926 katika Idara ya Forodha, akahamishwa idara hii na ile kwa zaidi ya miaka 30. Kusadikika ilipotoka mwaka 1951 alikuwa angali mwajiriwa. Naguib Mahfouz wa Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, alikuwa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu mwaka 1971. Riwaya zake 3 mashuhuri kuhusu ukoo mmoja wa Cairo zilichapishwa mwaka 1956 na 1957, naye yumo ofisini. Muhammad Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale (1960) chake ndicho kilichonifundisha kwamba msomaji wa Kiswahili hupenda kufikirishwa, alikuwa mhariri wa magazeti huko Unguja. Mhariri hangoji ilhamu. Yeye ndiye anayengojwa na mtambo wa kuchapia.

Sisemi kwamba ilhamu haipo. Ipo, ila haina mazoea ya kumtafuta mtu kitandani. Humkuta aliyekwisha keti mezani, kalamu mkononi.

Na wala hili si suala la mazoea tu. Ni suala la haki. Hebu tujiulize: fikra hii inamfaa nani? Inamfaa mwenye nafasi, anayepikiwa na kufuliwa. Mama anayekaanga maandazi kabla ya jua kuchomoza, mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, utingo wa basi anayelala kwenye viti: hao wakiambiwa kwamba utunzi unadai utulivu na kungoja, watajiona si wenyewe walioitwa. Kumbe hao ndio wenye habari ambazo hazijaandikwa! Shafi Adam Shafi alipotunga Kuli (1979), wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948 waliingia katika riwaya yetu. Ya utingo ataandika nani? Tukimwachia mwenye nafasi, tutaletewa utingo asiyenuka dizeli.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, ushauri wangu ni mfupi. Chagua saa yako, hata ikiwa nusu saa, uilinde kama unavyoilinda saa ya mwajiri wako. Ukiishiwa maneno, usiinuke. Eleza kwa lugha nyepesi mhusika wako amesimama wapi na anataka nini, na njia itafunguka. Soma kwa sauti ulichoandika, maana sikio halidanganyiki upesi kama jicho. Usimwonyeshe mtu sura ya kwanza kabla hujamaliza ya mwisho: sifa zitakulevya na lawama zitakuvunja, na yote mawili hukatiza safari. Ukimaliza, ufungie mswada kabatini mwezi mzima. Kisha uutoe, uusome kama ulioandikwa na hasimu wako, na uanze kukata.