KOMPYUTA YA USHIRIKA: TUNUNUE KUMBUKUMBU, PROSESA TUIACHE

Ndugu wanaushirika,

Tumesikia maneno mengi barazani juu ya kompyuta ya ofisi yetu. Wengine wanataka inunuliwe prosesa mpya, wengine wanasema iongezwe kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita ramu. Fedha iliyopo haitoshi vyote viwili. Na fedha hiyo haikuokotwa njiani, ni makato ya korosho zetu, kilo kwa kilo. Kwa hiyo sisi wa tawi tumeona tutoe rai hapa ubaoni kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Kwanza tuelewane. Prosesa ni karani. Kumbukumbu ni meza yake. Diski ni stoo. Karani awe mwepesi wa hesabu namna gani, meza ikiwa ndogo kama kigoda atafanyaje? Akifungua daftari la wakulima, la mizani halina pa kukaa. Analirudisha stoo, anatoa jingine, analirudisha tena. Siku nzima yuko njiani. Ndivyo mashine yetu inavyofanya: kumbukumbu ikijaa inahamishia kazi kwenye diski, na diski ni ya polepole mno. Kile kijitaa kinachowakawaka na ule mkoromo ndizo safari za stoo. Sasa jamani, tukileta karani hodari kuliko huyu, meza si ni ile ile?

Hatubahatishi. Wote tunakumbuka msimu uliopita mashine ilivyoganda, orodha ya akaunti za benki ikachelewa, na watu wakakaa hapa nje wakingoja jasho lao. Tulimwomba karani afungue kazi zake zote za siku ya mnada, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kumbukumbu ya 4GB ilikuwa imejaa karibu yote. Prosesa haikufika hata nusu ya nguvu zake. Sisi tulioanzia kisomo cha watu wazima tulizisoma namba hizo wenyewe. Ingekuwa kinyume, prosesa imefika mia kwa mia na kumbukumbu ina nafasi, tungeshika upande wa wenzetu bila ubishi.

Tena prosesa haichomekwi popote. Lazima iendane na soketi ya mazabodi. Ukitaka ya kisasa utabadili mazabodi, ukibadili mazabodi huenda kumbukumbu ya zamani ikakataa. Gharama inazaa gharama, na muuza duka hatakuambia mapema. Kumbukumbu ni kijiti tu, ila nacho kina aina: DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, pengo lake limekaa pengine. Atakayetumwa Kariakoo abebe kijiti chetu mkononi. Na kabla ya kuondoka, fundi aangalie kama kuna tundu tupu, na mashine inapokea mpaka GB ngapi. Tukipata 8GB zitatutosha.

Vijana wametukumbusha kwamba Windows 10 iliachwa kutunzwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 inakataa prosesa nyingi za zamani. Ni kweli, hatuwabishii, na akaunti zetu zimo humo, jambo hili halifai kulala. Lakini dawa yake siyo kupachika prosesa kwenye mazabodi kuukuu, maana mazabodi hiyo haipokei za kisasa. Itabidi mashine nzima, siku moja. Ndiyo sababu tunataka shilingi zitakazobaki ziwekwe akiba ya kazi hiyo, zisiyeyuke kwenye posho za safari.

Bei nayo tuitazame. Tangu mwishoni mwa 2025 kumbukumbu zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinapeleka mali yao kwenye majumba ya kompyuta za akili bandia. Kijiti cha mtumba kinafaa, mradi kijaribiwe kabla ya kulipa.

Wawili waende, siyo mmoja. Risiti iandikwe jina la ushirika, na ibandikwe hapa hapa ubaoni siku watakayorudi.

Katibu wa Tawi
Maneromango