BUSTANI YA NYUMBANI: Nyasi za Kupamba Ua na Kushika Udongo

Leo twataka kunena habari za nyasi za mapambo. Najua ya kuwa baadhi ya wasomaji watacheka na kusema, "Nyasi ni magugu, ni nani azipandaye?" Watu wa Kisii na Nyamira, ambao mashamba yao ni madogo, watauliza kwa nini mtu atoe ardhi yake kwa mmea asioula. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Jibu limo katika maji ya mvua. Nchi hiyo ni ya vilima, na kwa kawaida mvua yake hupita milimeta 1,500 kwa mwaka. Wakati wa masika utazame mto Gucha, ambao huanzia vilima vya Kiabonyoru na kuelekea Ziwa Victoria: maji yake ni mekundu. Wekundu ule ni udongo wa juu, ndio rutuba ya shamba, nao ukishakwenda haurudi. Ua uliofagiliwa hata ukawa mtupu huzidisha hasara, maana maji yatokayo kwenye mabati hayapati kizuizi.

Zamani serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta, na mwaka 1947 watu wa Murang'a waliigomea kazi hiyo. Kazi ya amri haipendwi; lakini kitu kipendezacho macho mlangoni mtu hukitunza kwa hiari yake. Kwa hiyo shauri letu ni hili: chagua nyasi ambazo ni pambo, na papo hapo ni mlinzi wa udongo.

Mbele ya nyumba panda nyasi fupi zitambaazo, zile ziitwazo nyasi za Kikuyu. Asili yake ni nyanda zetu za juu za Afrika ya Mashariki, na leo zimetandazwa katika viwanja vya Australia na Marekani. Mvua zikianza, chomeka vipande vyenye mizizi, kila kimoja umbali wa shibiri moja. Zikate mara kwa mara, nyoka wasipate maficho. Lakini angalia: nyasi hizi hupenda kuingia katika mahindi na ni taabu kuzing'oa. Chimba mfereji mdogo kati ya ua na shamba, uusafishe kila mwezi.

Kando ya njia panda mchaichai. Gawa shina la zamani, upande vichipukizi hatua moja moja. Majani yake huinama vizuri, hunukia, na hutiwa katika chai. Basi Nyamira, penye chai nyingi, haufai kukosekana.

Mahali penye mteremko mkali panda vetiva, ukifuata mstari wa kukinga maji, vichipukizi vikikaribiana kwa upana wa kiganja. Mizizi yake hushuka wima kama nguzo, yaweza kufika meta 3, wala haitambai kuingia shambani.

Ukingoni mwa matuta panda mabingobingo, ambayo ni chakula cha ng'ombe. Hapa pana hatari moja. Katika magharibi ya Kenya umeenea ugonjwa wa kudumaza mabingobingo: majani hugeuka manjano, na shina hubaki fupi hata likikatwa na kuchipua tena. Ukiona dalili hizo, ng'oa shina zima na mizizi yake. Usimpe jirani mbegu kutoka shamba lenye ugonjwa, hata akiomba kwa upole. Zawadi hiyo itamnyima ng'ombe wake chakula.

Mwisho, kumbukeni ya kuwa jirani wa chini hupokea maji ya jirani wa juu. Magomvi mengi ya mipaka huanza na mfereji mdogo uliochimbwa na mvua. Patana na jirani yako, mpande mstari mmoja wa nyasi mpakani, kila mtu akate upande wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika vilima vya Kisii, udongo wa kuujengea ukuta huo utakuwa umekwisha kwenda ziwani.