Moshi wa Ubani Hautibu Kifua

Kutoka Lodwar hadi Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, kuna imani iliyoota mizizi: mtoto akikohoa, mfukizie ubani. Muuzaji wa sokoni atakwambia hivyo, na nyanya mwenye wajukuu tele atakwambia hivyo. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako Msomali, Muethiopia, Msudani Kusini na Mturkana hununua kwenye kibanda kimoja, hata hakuna anayebisha. Wanasema moshi ule husafisha kifua, na kwa kuwa ubani ni utomvu uliotoka mtini, hauwezi kumdhuru mtu. Madai yote mawili si kweli, na wanaoumia zaidi ni wale wasioweza kukataa: watoto wachanga.

Sina ugomvi na ubani wenyewe. Mti wake, Boswellia neglecta, ni wa nyika hizi kavu za kaskazini mwa Kenya. Wafugaji huokota utomvu wake huku wakichunga, na ukame ukishamaliza mbuzi, shilingi za mauzo yake ndizo zinazoleta unga nyumbani. Ubani hufukizwa kanisani, hufukizwa arusini, na Waethiopia hawawezi kumwandalia mgeni kahawa bila harufu yake. Hiyo ni heshima yake, na idumu. Ninachopinga ni kuufanya daktari.

Tuanze na moshi. Utomvu ukiwekwa juu ya makaa hutoa chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Makaa nayo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua katika chumba kilichofungwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, hasa ya moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mapafu ya mtoto hayaulizi kama moshi umetoka kwenye kuni au kwenye chetezo.

Anayedhani hayo ni maneno ya watu wasioujua ubani na atazame Oman, nchi yenye jimbo la Dhofar, ambako ubani umevunwa na kuuzwa kwa maelfu ya miaka. Huko huko watafiti walichunguza watoto wa shule na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Hawakuona kwamba kufukiza nyumbani kunaongeza idadi ya watoto wenye pumu. Lakini kwa watoto ambao tayari wana pumu, moshi ule ulikuwa miongoni mwa mambo yanayowafanya wahemee juu juu na kifua kutoa mluzi. Yaani mtoto yule yule anayefukiziwa ili apumue vizuri ndiye anayebanwa zaidi. Na hapa kwetu anafukiziwa katika chumba cha mabati chenye dirisha dogo, tena lililofungwa ili vumbi lisiingie.

Wengine hujibu kwamba hata wasomi wamethibitisha. Wamethibitisha nini? Majaribio mengi yaliyofanywa kwa binadamu yalitumia ubani wa India, Boswellia serrata, si huu wetu. Ulikamuliwa maabarani, ukapimwa, ukamezwa kama kidonge. Kwa maumivu ya magoti yaliyochakaa ulionyesha kuwapunguzia wagonjwa maumivu kidogo. Ndani yake zimo asidi za boswelia, ambazo huzuia kimeng'enya kimoja kinachochochea uvimbe mwilini. Lakini ulipojaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa utumbo, ili kuona kama utauzuia usirudi, haukushinda kidonge kisicho na dawa. Kidonge cha goti hakithibitishi moshi wa kifua.

Vivyo hivyo na chupa za mafuta ya ubani yanayonadiwa kuwa yanatibu hata saratani. Asidi zile ni nzito mno kupanda na mvuke wakati wa kutonesha mafuta, kwa hiyo dawa inayotangazwa kwenye chupa kwa kawaida haimo kabisa ndani ya chupa.

Wala kuumeza ubani si salama kwa kila mtu. Wapo wagonjwa wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambao damu yao ilionekana kuwa nyepesi kupita kiasi baada ya kuongeza boswelia. Mama mjamzito hana uthibitisho wowote wa kumhakikishia usalama, na sokoni ubani huchanganywa na manemane na utomvu wa miti mingine, hata mnunuzi asijue anameza nini.

Hasara kubwa kuliko zote ni muda unaopotea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kikohozi kilichopita wiki mbili, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, chaweza kuwa kifua kikuu. Vijidudu vyake haviuawi na harufu. Huuawa na vidonge vinavyomezwa kwa takribani miezi 6, ambavyo hospitali za umma nchini Kenya hutoa bila malipo. Kila wiki ya kufukiza ni wiki ya kuwaambukiza walio nyumba moja na mgonjwa. Nimonia ya mtoto haisubiri hata wiki.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya jadi, na mimi pia naiheshimu. Heshima hiyo ina sharti: anayeuza dawa aeleze inatibu nini, kwa kipimo gani, na nani asiitumie. Serikali ya Kaunti ya Turkana iwafikie wauzaji wa ubani na waganga wa jadi kwa mafunzo, si kwa rungu, kwa sababu wao ndio wanaomwona mgonjwa kwanza.

Nawe mzazi, ukitaka nyumba inukie, fukiza mlango ukiwa wazi na mtoto akiwa nje. Mtoto akikohoa huku anahema kwa kasi au kifua chake kinabonyea ndani, weka chetezo kando, umbebe, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.