BI MKUBWA NA SUKARI: JUMAMOSI MOJA KWA MWEZI HAITOSHI!

Leo naweka siasa pembeni kidogo, ingawa mkisoma hadi mwisho mtaona na yenyewe imo.

Jumamosi alfajiri kama unaishi Mbagala, Tandika au Mtoni huna haja ya kutegesha alamu. Klabu za jogging zitakuamsha. Filimbi, nyimbo, fulana za rangi moja, na bodaboda iko mbele inazuia magari. Mwezi uliopita nilikaa barazani nikaamua kuhesabu. Kundi la kwanza lilikuwa na watu arobaini na ushee. Wanawake kama kumi na tano hivi, karibu wote mabinti. Mama mtu mzima, wa miaka 50 kwenda juu, nilimwona mmoja tu. Alikuwa nyuma kabisa anatembea, na watoto wa mtaani wanamcheka: "Bibi kimbia, utaachwa!"

Nikajiuliza: hivi wanaotakiwa hasa kuwa kwenye lile kundi ni nani? Mimi na washkaji zangu wa miaka ishirini na kitu, au yule bibi anayechekwa?

TAKWIMU ZINASEMAJE

Mwaka 1989 Dk. Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari walikuwa karibu mtu 1 tu katika kila watu 100. Kisukari wakati ule kilionekana kama ugonjwa wa wazungu na mabosi.

Mwaka 2000 ukachapishwa utafiti mwingine uliolinganisha watu wa Ilala hapa Dar na wa kijiji cha Shari kule Kilimanjaro. Kijijini wanawake wenye kisukari walikuwa asilimia 1.1. Ilala? Asilimia 5.7, yaani mara tano! Na wanaume wa Ilala walikuwa 5.9, kwa hiyo akina mama hawakuwa nyuma hata kidogo. Watafiti waliangalia unene na watu kutotumia miili yao kama sehemu ya maelezo. Halafu ukaja uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ukatoa asilimia 9 hivi. Najua vipimo na watu waliopimwa havikuwa vya aina moja, kwa hiyo usiunganishe namba hizi kama ngazi. Lakini mwelekeo unauona mwenyewe.

Ila utafiti ulionigusa zaidi ni wa mwaka 2010. Watafiti waliwafuata watu mia mbili na kidogo waliokuwa wanahama vijiji vya Morogoro kuja kuishi Dar. Waliwapima kabla hawajaondoka na wakaendelea kuwapima hadi mwaka mmoja baadaye. Wanawake waliokuwa wanafanya shughuli nzito za mwili walikuwa karibu asilimia 38 kule kijijini. Baada ya mwaka mmoja wa Dar wakabaki karibu asilimia 16! Na uzito ukaongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wastani. Mwaka mmoja tu jamani. Na wengi wao walikuwa bado vijana. Sasa piga hesabu ya bi mkubwa wako aliyeshuka Dar na begi lake miaka thelathini iliyopita.

"LAKINI MAMA ANAFANYA KAZI KUTWA"

Najua kuna mdau ataniambia hivyo, na hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Shangazi yangu anauza vitumbua na chai. Anaamka saa kumi usiku, analala saa nne. Ukimwambia afanye mazoezi atakuuliza kama una akili timamu.

Lakini hebu mfuatilie siku nzima kama nilivyofanya mimi. Amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko. Maji analetewa na mtu wa mkokoteni. Akienda kuchukua unga, bodaboda. Akirudi, bodaboda hadi mlangoni. Moto, moshi na mawazo ya marejesho vinamchosha kweli, lakini miguu yake haijatembea hata robo saa. Uchovu siyo mazoezi! Na hapo katikati ameshaonja vitumbua na kunywa chai ya sukari vijiko vitatu, mara kadhaa.

Kitaalamu mambo yako hivi. Insulini ndiyo inayofungua mlango sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli. Mafuta yakijaa tumboni, na kwa wanawake yanazidi kukusanyika hapo baada ya kukoma hedhi, mlango unakuwa mgumu. Lakini msuli unapofanya kazi unavuta sukari wenyewe, hata kama insulini imeanza kugoma. Na nafuu hiyo inaendelea kwa siku moja hadi mbili baada ya zoezi, halafu inapotea. Ndiyo maana kinachotakiwa ni mara kwa mara, siyo mara moja kwa fujo.

Na kuna ushahidi. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari. Kundi moja lilipunguza chakula na uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, zaidi kutembea haraka. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin ilipungua kwa 31. Na wenye miaka 60 na zaidi waliobadili maisha ilipungua kwa 71! Wazee ndio waliofaidika kuliko wote. Kwa hiyo ile hadithi ya "mimi nimeshazeeka, mazoezi ya nini" haina kichwa wala miguu.

SASA TURUDI KWENYE SIASA

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Nia nzuri, nampongeza. Lakini tufanye hesabu ya darasa la nne. Dakika 150 kwa wiki ni dakika 600 kwa mwezi. Jumamosi moja hata ukifanya masaa mawili kamili ni dakika 120. Moja ya tano! Na hapo umeshapiga picha na kusikiliza hotuba.

Halafu mama wa Buza au Tandale atembee wapi? Njia za miguu zimejaa meza za biashara na pikipiki. Viwanja vya wazi vimeota fremu. Usiku kuna vibaka.

Na kuna kikwazo kingine ambacho ni sisi wenyewe. Uswazi mwanamke akinenepa tunasema "mume anamtunza". Akipungua, maneno yanaanza: "ana ngoma yule". Shangazi alianza kutembea mwaka jana baada ya kuambiwa sukari yake imepanda. Wiki ya tatu jirani akamwita pembeni: "Shoga, unaumwa nini? Niambie mimi tu." Alikaa ndani siku nne kwa aibu.

NINI KIFANYIKE

Mimi siyo daktari, ni kijana wa form four tu, lakini natoa mawazo.

Kwanza, vikoba. Akina mama wanakutana kila wiki, wanaaminiana na wanafahamiana. Kwa nini wasitembee nusu saa pamoja kabla ya kuhesabu hela? Mama mmoja akitembea anachekwa, ishirini wakitembea nani atacheka?

Pili, serikali za mitaa zifungue viwanja vya shule za msingi jioni kwa ajili ya watu wazima, na zilinde vile vichache vya wazi vilivyobaki.

Tatu, kupima. Ukipima asubuhi kabla ya kula, 7.0 kwenda juu ni ya kurudia kipimo hospitali, na 6.1 hadi 6.9 ni onyo. Onyo ndiyo wakati mzuri wa kuanza kutembea. Kliniki za kisukari zipo Temeke, Mwananyamala na Amana. Kwa ambaye tayari anatumia dawa, aongee na daktari kwanza, abebe kitu kitamu mfukoni, na asitembee peku wala na kandambili. Kidonda kidogo mguuni kwa mgonjwa wa sukari kinaweza kuishia kukatwa mguu.

Nne, sisi vijana. Badala ya kumwitia bi mkubwa bodaboda, mwambie "mama twende wote kwa miguu". Nusu saa, siku tano kwa wiki, 150 imetimia.

Shangazi amerudi barabarani. Natembea naye alfajiri kabla hajawasha jiko. Sukari yake imeshuka kidogo, siyo sana, na dawa bado anameza. Juzi tulipita mbele ya nyumba ya yule jirani. Shangazi akasimama, akagonga. "Shoga, vaa raba twende." Yule mama akacheka, akasema kesho. Bado tunamsubiri.

Haya wadau, nimemaliza. Bi mkubwa wako alitembea lini mara ya mwisho? Karibuni tuchangie, ila matusi siyaweki.