Darubini ya Bunduki

Msomaji wetu mmoja wa Mwihoko, karibu na Ruiru, auliza ni darubini ipi ifaayo kutiwa juu ya bunduki ya kuwindia. Kwanza akumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huruhusu, lakini kwa leseni.

Watu wengi hutafuta darubini ikuzayo sana, wakidhani ndiyo bora. Sivyo. Kadiri ikuzavyo, ndivyo mahali paonekanapo panavyokuwa padogo, na mtetemo wa mkono huonekana mkubwa. Vichakani, mnyama akiwa hatua 50, utaona manyoya matupu usijue kama ni bega au paja. Mnyama aliyejeruhiwa vibaya hukimbia akafie mbali kwa mateso. Naye nyati huweza kujificha akakungoja. Ikuzayo mara 4 yatosha.

Ikiandikwa 4x32, hesabu ya kwanza ni mara za kukuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 32 kwa 4, utapata 8, nao ndio upana wa mwanga ufikao jichoni. Mboni ya jicho hufunguka gizani kiasi cha milimita 7 tu. Basi, kwa darubini ya mara 4, kioo kikubwa zaidi ni mzigo wa bure, ingawa dukani chapendeza.

Tena ulizeni nafasi iliyopo kati ya jicho na kioo cha nyuma. Bunduki kubwa hupiga teke, na darubini iliyo karibu mno hupasua nyusi. Nafasi hiyo isipungue sentimita 9.